Abiria wa Kwanza wa Mizambarauni

Nchi hii haimo katika ramani zile zinazotundikwa ukutani darasani, kwa hiyo mtu asijisumbue kuitafuta, wala asijitafute mwenyewe ndani yake. Ilikuwa na bendera yake, wimbo wake, na wizara arobaini na moja, na iliyokuwa kubwa kuliko zote ni Wizara ya Kufika. Jengo lake lilikuwa na ghorofa kumi na tisa, mapazia ya kijani, na mzee mmoja mlangoni ambaye kazi yake ilikuwa kuwaambia wageni kwamba mhusika hajafika.

Kwa miaka kumi na minne wizara hiyo ilikuwa ikijadili jambo moja tu: vile vitongoji vya mbali visivyo na usafiri wa maana vijengewe treni gani. Wako waliotaka treni nyepesi, ile inayopita juu ya ardhi katikati ya barabara, watu wakaiona na kuipungia mkono. Wako waliotaka treni ya chini, ile inayopita ndani ya shimo, isiyomsumbua mtu wala kusumbuliwa. Wa kwanza wakaitwa Wajuu, wa pili wakaitwa Wachini. Mkubwa wa Wajuu alikuwa Mheshimiwa Ndolezi, mnene mwenye sauti nyembamba. Mkubwa wa Wachini alikuwa Mheshimiwa Chipeta, mwembamba mwenye sauti nene. Walichukiana mbele ya watu kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana, kisha wakaenda kula pamoja, maana walikuwa wameoa mtu na dada yake. Wote wawili walikaa mlimani nyuma ya wizara, na kazini walikwenda kwa miguu, wakikatiza bustani ya maua.

Sikudhani, mke wa Mshamu, wa kitongoji cha Mizambarauni, hakuwa Mjuu wala Mchini. Yeye alitaka kufika hospitali kila Jumanne na kila Ijumaa, basi.

Mumewe alikuwa fundi cherehani. Watoto wote wa Mizambarauni waliokwenda shule katika miaka thelathini walikwenda na kaptula au sketi iliyopita mikononi mwake, na alikuwa na tabia ya kuacha pindo pana ili nguo ikue pamoja na mtoto. Kisha figo zake zikachoka. Daktari akasema damu yake itasafishwa kwa mashine mara mbili kwa wiki, akikosa mara moja ataumwa, akikosa mara mbili tusiulizane. Mashine zilikuwa Hospitali Kuu, mjini, maili kumi na nne. Akakatazwa chumvi, akakatazwa maji mengi, akakatazwa ndizi. Mshamu hakuwa mpenzi wa ndizi maishani mwake, lakini tangu siku ile aliyokatazwa akawa anaziota.

Mizambarauni ilikuwa na mabasi mawili ya zamani, moja la bluu na moja ambalo rangi yake ilishasahaulika. La bluu liliondoka saa kumi na moja alfajiri. Sikudhani alipanda na mumewe, na chupa ya uji usio na chumvi, na kikoi cha kumfunika wakati wa mashine, maana mle ndani baridi yake ni ya kugandisha samaki. Hivyo ndivyo walivyoishi miaka miwili. Si maisha ya kusifiwa, lakini ni maisha.

*

Jumamosi moja likaja gari la matangazo, na juu yake ameketi karani wa Wizara ya Kufika, kijana wa makamo aitwaye Mwinshehe, ana mwavuli na kikaratasi.

"Wananchi wa Mizambarauni," akasoma, "serikali yenu sikivu imesikia kilio chenu, na imekisikia kwa miaka kumi na minne bila kuchoka. Sasa inaanza Sensa ya Wasubiri. Haja ya treni haipimwi kwa maneno, haja inapimwa kwa kusimama. Watu wazima wa kitongoji watasimama kituoni Jumanne na Ijumaa, tuwahesabu. Kitongoji kitakachofikisha wasubiri elfu tatu kitapata treni. Ili hesabu isiharibike, kuanzia leo mabasi yanaondolewa kwa siku saba, maana mtu akipanda basi haja yake inapungua, na tume haiwezi kupima haja iliyopungua."

Watu wakapiga makofi. Sikudhani akasogea mpaka kwenye tairi la gari.

"Mwanangu," akamwita karani, "na hospitali?"

"Hospitali haihami, mama. Itakuwa pale pale."

"Najua iko pale pale. Sisi ndio tuko hapa."

Mwinshehe akatazama kikaratasi chake, mbele na nyuma. "Hilo halimo," akasema kwa upole, na gari likaondoka. Saa hiyo hiyo mabasi mawili yakaondoka nyuma yake, matupu, yakiwasha taa kama yanakwenda harusini.

*

Mwenyekiti wa mtaa alikuwa Pazi, mzee wa makamo mwenye kofia ya kiua isiyomtoka kichwani. Pazi na Mshamu walikuwa watani, na utani wao ulianza kwa babu zao. Jioni ile Pazi akaitisha mkutano uwanjani pa shule, akafungua daftari.

"Tuko elfu mbili mia tisa tisini na nane," akasema. "Nimehesabu mpaka na bibi yule asiyejua kwamba yuko hai."

Wawili. Watu miaka kumi na minne, treni inawakosa kwa watu wawili.

"Lakini nimesoma kanuni," akaendelea. "Kifungu cha tisa. Mgonjwa mwenye cheti cha hospitali chenye muhuri, akisimama, anahesabiwa watatu. Akiketi, wawili. Akilala, mmoja, kwa sababu mtu aliyelala hana dalili ya kutaka safari. Na mwenye cheti chenye muhuri Mizambarauni nzima ni mmoja tu."

Vichwa vyote vikageuka kumtazama Mshamu, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda chake karibu na mlingoti wa bendera.

"Leo ndio umeniona mtu watatu, Pazi," Mshamu akasema. "Kwenye pilau ya harusi ya binti yako ulinihesabu nusu."

"Nusu ya siku ile na watatu wa leo, nakulipa kwa pamoja," Pazi akajibu, na watu wakacheka, na Mshamu akacheka kuliko wote, mpaka akakohoa.

Nyumbani Sikudhani hakucheka. "Jumanne ni siku ya mashine," akamwambia mumewe.

"Siku saba si nyingi, mke wangu. Na hata nikisema niende, nitakwenda na nini? Treni ikija nitakwenda nimelala kama sultani. Na wengine watakwenda. Yule mtoto wa Bi Sauda mwenye ugonjwa wa moyo, yule mke wa Mpemba. Nikiwa mmoja nasaidia nani? Nikiwa watatu, angalau."

Alikuwa fundi, na fundi hupenda kufaa. Sikudhani akanyamaza. Baadaye, alipoyakumbuka maneno yale, alijilaumu kwa kule kunyamaza kuliko kwa jambo lolote jingine.

*

Jumanne Mshamu alisimama kituoni saa tatu nzima. Mwinshehe alikuwa na kidude cha chuma cha kubofya, na alipofika kwa Mshamu akakibofya mara tatu, tak, tak, tak, na kituo kizima kikashangilia. Elfu tatu. Mwanamke mmoja akapiga vigelegele.

Jumatano miguu ikaanza kuvimba. Alhamisi Sikudhani alibonyeza muundi kwa kidole gumba, shimo likabaki pale mpaka akamaliza kusoma Alhamdu. Uso wa Mshamu ukawa kama wa mtu aliyeamshwa usingizini, na hakuweza tena kulala chali, alilala ameketi, ameegemea cherehani yake.

Ijumaa miguu haikumbeba. Pazi alikwishalifikiria hilo. Alikuja na wanaume wanne na kanga mbili za mkewe, kanga nzuri, hazijafuliwa hata mara moja. Wakamsimamisha Mshamu kwenye nguzo ya kituo, wakamfunga kanga moja kifuani na moja kiunoni, taratibu, wakimuuliza kila fundo kama linambana. Mmoja akamshikia mwavuli. Mwingine akampepea kwa daftari. Hakuna aliyemfanyia ubaya. Mtu angepita asiyejua kitu angesema, kitongoji hiki wanapendana.

"Anasimama mwenyewe huyu?" Mwinshehe akauliza.

"Kanuni inasema asimame," Pazi akajibu. "Haisemi kwa nguvu za nani."

Tak, tak, tak. Elfu tatu tena. Mshamu alikuwa akitazama barabara, upande ule basi la bluu lilikokuwa likitokea.

Karani akakunja mwavuli wake, akatoa kikaratasi kingine. Kumbe hesabu za Jumanne na za Ijumaa zimelingana mno, na wataalamu wa wizara wameingiwa na wasiwasi. Takwimu zinahitaji kusafishwa. Mabasi yatakaa nje siku saba nyingine, na Jumanne ijayo Waziri mwenyewe atakuja, pamoja na Mheshimiwa Ndolezi na Mheshimiwa Chipeta, ili hesabu ya mwisho ifanyike mbele yake na mjadala ufungwe hapo hapo.

Mshamu akageuza macho. "Zinasafishwa wapi hizo takwimu?" akauliza, sauti inatoka kwa mbali. "Hebu waulize, karani, kama wana nafasi ya mtu mmoja."

*

Jumatatu asubuhi Sikudhani alikwenda kwa Nyange, muuza maji, mtu wa maneno machache, mwenye mkokoteni wa magurudumu mawili ya gari bovu.

"Mkokoteni wako unabeba madumu mangapi?"

"Kumi na mawili, yakiwa yamejaa."

"Mume wangu hapiti manane. Nataka unipeleke Hospitali Kuu kesho."

Nyange akaendelea kufunga kamba. "Kesho ndio Waziri."

"Ndio."

"Mshamu watatu, wewe mmoja, mimi mmoja. Tunapungua watano, Bi Sikudhani."

"Hata mimi najua kuhesabu, Nyange. Nimekuja kwako kwa sababu nimehesabu."

Yule bwana akafunga fundo, akalifungua, akalifunga tena. "Nitaweka godoro," akasema.

Wakaondoka mara baada ya sala ya alfajiri, mwanga unaanza kunawa uso. Mwisho wa nyumba, mahali barabara inapoanza kushuka kuelekea mtoni, Pazi alikuwa amesimama katikati ya njia. Hakuna aliyejua nani alimwambia. Mizambarauni hata kuku akihama, Pazi anajua.

"Shemeji, unampeleka wapi mtani wangu?"

"Hospitali."

"Leo?"

"Leo Jumanne."

"Shemeji." Pazi akavua kofia, na Sikudhani hakuwahi kumuona bila kofia, kichwa kilikuwa kidogo kuliko alivyodhani. "Waziri anafika saa nne. Nipe mpaka saa sita. Saa sita nitausukuma mkokoteni huu mimi mwenyewe, na wanaume ishirini nyuma yangu, tutapokezana, mtafika upesi kuliko mnavyokwenda sasa. Nakuapia."

"Saa sita hana, Pazi. Mtazame."

Pazi akainama juu ya godoro. Mshamu alikuwa anavuta pumzi fupi fupi, kama mtu anayekunywa chai ya moto.

"Mtani," Pazi akasema, "watu elfu tatu. Sema wewe. Ukisema turudi, tunarudi."

Mshamu akamtazama muda mrefu. "Nimelala, Pazi," akasema. "Nihesabu mmoja."

Pazi akasimama wima. Uso wake ulifanya kama utacheka, ukashindwa. Akavaa kofia. "Ukivuka lile daraja, shemeji," akasema bila kumtazama, "usije kesho ukaniita jirani."

Sikudhani akaweka mikono yote miwili kwenye ubao wa nyuma wa mkokoteni, akasukuma.

*

Maili kumi na nne kwa basi ni kitu kidogo, mtu anasinzia na kuamka. Kwa mkokoteni kila jiwe lina jina lake. Darajani mbao tatu hazikuwepo, ikabidi Nyange amshushe mgonjwa, ambebe mgongoni, arudi kubeba godoro, arudi kuburuta mkokoteni. Kwenye machimbo ya mawe walipita pembeni kwa sababu malori hayamjui mtu. Jalalani walifunika uso wa Mshamu kwa kikoi kwa ajili ya nzi. Baada ya kiwanda cha sabuni kulikuwa na kilima, na pale Nyange alivuta, Sikudhani akasukuma kwa bega, wakapumzika hatua kumi, wakaenda hatua kumi.

Kivuli hakikuwepo njia nzima, isipokuwa kile cha mabango. Kila baada ya maili moja serikali ilikuwa imesimamisha mabango mawili. La bluu liliandikwa: HAPA PANATARAJIWA KITUO CHA TRENI NYEPESI. La kahawia liliandikwa: CHINI YA HAPA PANATARAJIWA KITUO. Yalikuwa mabango makubwa, ya bati nzito, yenye miguu ya zege, kazi nzuri isiyo na kasoro. Walipumzika chini ya yote, moja baada ya jingine, bila upendeleo.

Wakafika saa saba na nusu mchana.

Dirishani pa mapokezi alikaa karani mwenye miwani, mbele ya kompyuta. Akauliza jina, akauliza umri, akauliza kitongoji. Kisha akauliza: "Amefika kwa njia gani?"

"Kwa mkokoteni," Sikudhani akasema.

Karani akatafuta. "Haimo, mama. Fomu hii ni mpya, ya Wizara ya Kufika. Kutoka Mizambarauni kuna treni nyepesi, kuna treni ya chini, na kuna hakuna."

"Basi andika hakuna."

"Nikiandika hakuna, kompyuta inasema hajafika."

"Si huyu hapa."

"Namuona, mama. Hata mimi namuona. Lakini hajafika, na ambaye hajafika simpokei, nikimpokea mashine haifunguki."

"Nimsogeze karibu?"

"Haihusiani na kusogea."

Hapo akapita muuguzi aliyemjua Mshamu tangu mwaka wa kwanza, Sista Tumsifu, mwanamke mrefu mwenye viatu vya kanda. Akaona godoro, akaona miguu. Akabonyeza muundi kwa kidole gumba, akatazama shimo, hakungoja lizibe. Aliingia nyuma ya dirisha, akamsogeza karani kwa kiuno, akabofya mwenyewe: treni ya chini.

"Sista," karani akanong'ona, "treni ya chini haipo."

"Ndiyo maana. Ya juu mtu atatoka nje aitazame, aulize iko wapi. Hii ya chini nani atakayeinama? Mpeleke."

Mshamu akafungwa mashine saa nane. Damu ikatoka, ikazunguka kwenye mipira, ikarudi. Sikudhani alimfunika kikoi. Kiasi cha saa tisa rangi ilimrudi kidogo usoni, akageuza shingo.

"Mke wangu. Muulize Sista, sasa naruhusiwa ndizi?"

Sikudhani akamtazama Sista Tumsifu. Sista alitazama mashine, akamtazama mgonjwa, akasema, "Mpe, mama. Mpe anachotaka."

Sikudhani hakulipenda jibu lile. Lakini alitoka, akavuka barabara, akachagua. Zilikuwepo za kisukari na zilikuwepo za mkono wa tembo, akachukua kisukari, zilizoiva bila madoa, kichane cha ndizi nne. Aliporudi kikoi kilikuwa kimevutwa mpaka juu ya kichwa, na Sista Tumsifu alikuwa anachomoa mipira mmoja mmoja, polepole, kama anaogopa kumwamsha. Sikudhani akaketi kwenye benchi la ubao na ndizi zake mapajani. Hakuziweka chini mpaka mtu alipokuja akazichukua.

*

Mambo ya Mizambarauni siku ile alisimuliwa baadaye. Waziri aliyekuwa afike saa nne alifika saa saba, kwa gari jeusi, na wasubiri walikuwa bado wamesimama mstari mmoja mnyoofu, bibi yule akiwa ameshikiliwa pande mbili. Mwinshehe akabofya mpaka mwisho. Elfu mbili mia tisa tisini na tano. Pazi akaomba warudie. Wakarudia. Tisini na tano.

Mheshimiwa Ndolezi akahutubia kuhusu uzuri wa kuona unakokwenda. Mheshimiwa Chipeta akahutubia kuhusu amani ya kutokuona. Wazee wanne walianguka kwa jua na wakaondolewa kwenye hesabu. Waziri alikuwa anainuka ili aseme kwamba Mizambarauni imeshindwa kuthibitisha haja, ndipo simu ilipolia mfukoni mwa msaidizi wake. Ilikuwa inatoka ghorofa ya kumi na tisa, kwenye ile kompyuta kubwa inayopokea habari zote za kufika. Msaidizi akasikiliza, akamnong'oneza Waziri, Waziri akanong'ona "hebu rudia," kisha akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Ndugu wananchi," akasema, "nimesimama hapa nikiwa na huzuni na furaha. Furaha, kwa sababu nimearifiwa kwamba leo, saa saba na dakika thelathini na nne, abiria mmoja kutoka Mizambarauni amefika Hospitali Kuu kwa treni ya chini. Huzuni, kwa sababu kwa miaka kumi na minne mmekuwa mkiidai serikali kitu ambacho mnacho."

Hakuna aliyepiga makofi, lakini Waziri alingoja makofi kwa muda wake wa kawaida, kisha akaendelea. Mheshimiwa Chipeta alilia mbele ya watu, akasema alijua siku zote, ila hakutaka kujisifu. Mheshimiwa Ndolezi akampa mkono, akakubali kushindwa kiungwana, akaomba tu iundwe tume ya kutafuta mlango wa treni hiyo uko wapi, na awe mwenyekiti wake. Ikaundwa pale pale. Mabasi, Waziri akaeleza, hayatarudi, maana kitongoji chenye treni kupewa na mabasi ni kuwaonea wasio na kitu.

Jioni Mizambarauni nzima ilijua abiria huyo ni nani, na nani aliyempeleka.

*

Mshamu alizikwa kesho yake, na walimsusia.

Katika nchi ile, kama zilivyo nchi nyingine ambazo watu wake wanajuana, mtu anaweza kukunyima chumvi, anaweza kukunyima salamu, na bado mkaishi. Akikususia maziko amekutoa katika idadi ya watu. Fundi aliyewavika watoto wao wote alioshwa na imamu na Nyange, kwa maji ya Nyange, akabebwa na wanaume wanne, hao wawili na wachimba kaburi wawili, ambao hawakuwa na wa kuwapokea, wakalitua jeneza mara mbili njiani wakapumua. Sikudhani alitazama kutoka dirishani mpaka walipokata kona kwenye nyumba ya Pazi. Milango ilikuwa imefungwa mchana kweupe.

Nyange ndiye aliyemweleza ya makaburini. Pazi alikuja, peke yake, akasimama mbali. Mtani ana kazi yake mazikoni. Ni yeye wa kumsema marehemu ubahili wake, wa kuruka kaburini na kukataa kutoka, wa kuwachekesha wafiwa ili roho zishuke. Wakamngoja. Pazi alisogea mpaka ukingoni, akafungua mdomo, akaufunga. Akatupa udongo konzi tatu, akaondoka.

Siku ya tatu alikuja Mwinshehe, amebeba kitu kikubwa kilichofungwa gazeti. Kilikuwa cheti, chenye fremu ya dhahabu na sahihi mbili, moja ya Mjuu na moja ya Mchini: CHETI CHA ABIRIA WA KWANZA. Jina la Mshamu lilikuwa limeandikwa vizuri, bila kukosea.

"Pole sana, mama," akasema, na ilionekana kweli imemgusa. "Kuna fomu ndogo tu ya kujaza. Wanauliza safari ilikuwaje. Kuna nzuri, na kuna nzuri sana."

"Aliyesafiri hayupo, mwanangu."

Karani akakaa kidogo, akizungusha kalamu. Kisha akajaza mwenyewe, akaficha kwa kiganja asionekane amejaza lipi, akaaga.

*

Sikudhani akakaa eda, miezi minne na siku kumi, ndani, na nguo zake nyeupe, na cherehani iliyofunikwa shuka. Wiki tatu za kwanza hakuna aliyebisha hodi ila Nyange, aliyeacha dumu la maji mlangoni na kwenda zake. Nje tume ya kutafuta mlango ilikuwa inachimba. Ilichimba kwa Bi Sauda, ikachimba kwenye uwanja wa shule, ikachimba chooni kwa imamu.

Wiki ya nne alikuja Bi Sauda, mama wa yule mtoto mwenye ugonjwa wa moyo. Alipitia nyuma, kwenye uchochoro wa mabanda ya kuku, shungi limefika puani. Hakutoa pole. Akauliza kwa haraka: ile njia, ukitoka mtoni, unashika wapi? Sikudhani akamwambia. Siku mbili baadaye akaja mke wa Mpemba, naye kwa nyuma. Kisha wengine. Kila mmoja alidhani yuko peke yake. Sikudhani hakumuuliza yeyote alikuwa wapi siku ya maziko. Aliwaeleza tu, kwa utaratibu, jiwe kwa jiwe, kwa sababu ndicho kitu pekee alichokuwa nacho ambacho wengine hawana.

Mwisho kabisa, mwezi wa tatu wa eda, akaja Mwanahamisi, mke wa Pazi. Akakaa kwenye mkeka, akatazama ukutani, akatazama mikono yake. Binti yao, yule wa pilau, alikuwa na mimba ya miezi minane, na mkunga amemshika tumbo akasema mtoto amekaa vibaya, huyu akazalie Hospitali Kuu.

"Mzee anajua umekuja?" Sikudhani akauliza.

"Yeye ndiye aliyenituma. Yuko pale nje kwa Nyange, anatazama magurudumu."

Basi Sikudhani akaanza. Daraja, na mbao zilizokosekana, ya nne na ya tano na ya tisa ukihesabu kutoka upande huu. Machimbo, pita kushoto. Jalalani beba kitambaa cha uso. Kilima cha kiwanda cha sabuni, hatua kumi, pumzika, hatua kumi. Mabango, kaeni chini ya bluu asubuhi, ya kahawia mchana, kwa sababu ya jua. Dirishani msiseme mkokoteni. Muulizeni Sista Tumsifu.

Mwanahamisi alikuwa anarudia kila neno kwa midomo bila sauti, kama mtoto wa chuoni. Alipofika mwisho akainua uso.

"Na kurudi je, mwenzangu? Wewe siku ile ulirudije?"

"Kurudi hakuna taabu," Sikudhani akasema. "Maiti hasubiri treni, kwa hiyo wakimbeba hawaharibu hesabu ya mtu. Wana gari lao, jeupe, la wizara. Nyuma lina kiti cha ngozi cha mfiwa. Tulitumia dakika arobaini mlango kwa mlango, na dereva alikuwa mpole, akaniuliza kama upepo unanisumbua apandishe kioo."

Nje zilisikika kelele za tume, chuma kikigonga jiwe. Mwanahamisi akakaza fundo la kanga yake kifuani, akasogea karibu zaidi kwenye mkeka.

"Hebu nielekeze tena pale darajani," akasema.